Muulize kilichotokea, usimuulize zimebaki ngapi

Swali la msomaji: "Mimi ni mtengeneza programu, niko Dar es Salaam. Mimi na wenzangu wawili tuna mfumo unaompa muuzaji duka la mtandaoni lililo kamili: ukurasa wa bidhaa, kupokea oda, kupokea malipo ya simu. Wauzaji wetu wengi wako Kariakoo, wanauza viatu, nguo, kanga na vipodozi, dukani na mtandaoni kwa pamoja. Picha na malipo wanavipenda. Sehemu ya stoo hawaigusi, ingawa tumeiwekea idadi ya kila bidhaa, kiwango cha chini, tahadhari, ripoti na grafu. Wiki ya kwanza wanajaza, ya tatu idadi zimeganda palepale. Mwezi uliopita wateja wawili walilipia pea moja ya viatu iliyokuwa imebaki. Tuongeze nini ili waitumie? Na je, tuwanunulie skana za msimbopau (barcode)?"

Jibu:

Mdogo wangu, kabla hamjaongeza chochote, nikusimulie aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilibuni sehemu ya stoo kwa ajili ya duka la viatu, na ilifanana sana na hiyo unayoieleza. Nilipoona idadi zimeganda niliamini tatizo ni mafunzo, nikaenda kushinda dukani Jumamosi nzima ili nimfundishe kijana wa kaunta. Sikumfundisha kitu. Mbele yake palikuwa na kaunta buku yenye jalada lililochakaa, kila ukurasa mtindo mmoja wa kiatu: juu saizi kuanzia 36 hadi 41, kushoto rangi. Pea ikitoka, anachora kijiti kwenye kisanduku chake, huku mkono wa pili unatia viatu kwenye mfuko na mdomo unabishana bei na mteja mwingine. Kijiti kimoja, basi. Mzigo mpya ukiingia, anaandika idadi kwa wino mwekundu.

Mfumo wangu ulimtaka afungue programu, atafute kiatu, achague rangi, achague saizi, aguse "Hariri", afute 7, aandike 6, ahifadhi, halafu ajibu "Una uhakika?". Hatua tisa, na katikati yake hesabu ya kutoa. Ili aandike 6 ilibidi kwanza ajue zilikuwa 7, na aiamini hiyo 7. Daftari halikumtaka atoe wala ajumlishe. Lilimtaka aseme kilichotokea tu: imetoka moja, nyeusi, 38.

Naamini kosa lenu ni lilelile, na limo kwenye kile kisanduku kilichoandikwa "Idadi". Mnamuuliza mtu aliye katikati ya pilikapilika za kuuza zimebaki ngapi. Hilo ni swali la mtu aliyekaa chini akahesabu, na yeye hajakaa tangu asubuhi. Muulizeni kilichotokea, kwa mguso mmoja, kisha hesabu mfanye nyinyi.

Kwa upande wa ndani maana yake ni kwamba idadi isiwe kitu kinachoandikwa na mtu. Iwe jumla ya matukio. Watunza stoo wa ofisini na viwandani wanalijua jambo hili tangu zamani kupitia kadi ya stoo: tarehe, namba ya hati, zilizoingia, zilizotoka, salio. Akikosea mstari, mtunza stoo mzuri harudi kuufuta. Anaongeza mstari mwingine wa kusahihisha, na wa kwanza unabaki ukionekana. Jedwali lenu la msingi liwe hivyo hivyo. Kila mstari useme bidhaa gani, rangi na saizi gani, kiasi gani chenye alama ya kujumlisha au kutoa, kwa sababu gani, nani kaingiza, saa ngapi, kutoka duka au stoo ipi. Usifutike.

Kuna faida ya papo hapo. Chukua simu mbili, ya mwenye duka na ya kijana wake. Zote zinaonyesha 7. Mwenye duka anauza moja mtandaoni, anahifadhi 6. Kijana sekunde hiyo hiyo anauza moja dukani, naye anahifadhi 6. Zimetoka mbili, mfumo unasema imetoka moja, na hakuna aliyekosea. Mkirekodi "toa 1" na "toa 1", zinabaki 5 bila mtu kuhitaji kujua mwenzake kafanya nini.

Mtindo huu ndio unaowaruhusu pia kufanya kazi mtandao ukikata, na ndani ya yale maghorofa utakata. Tukio libaki kwenye simu, lipande intaneti ikirudi. Sharti moja tu: kila tukio lipewe namba yake ya pekee palepale kwenye simu, kabla ya kutumwa. Kuna wakati seva imepokea lakini jibu limepotelea njiani, simu ikatuma tena. Bila ile namba, pea moja iliyouzwa itahesabiwa mbili. Na mwambieni mtumiaji ukweli kwa maneno ya kawaida: "Imehifadhiwa kwenye simu, haijatumwa." Kile kiduara kinachozunguka bila neno humfanya abonyeze mara nne.

Sasa, hayo yote yeye asiyaone. Yeye aone ukurasa wa daftari lake. Picha ya kiatu juu, chini yake jedwali la rangi na saizi, kila kisanduku na namba yake. Akigusa kisanduku, imetoka moja. Chini ya skrini pajitokeze "Imetoka 1: nyeusi 38" na neno "Rudisha" kwa sekunde kadhaa. Hilo "Rudisha" ndilo linaloondoa "Una uhakika?". Mtu anayeulizwa kama ana uhakika mara mia kwa siku hujibu ndiyo bila kusoma, kwa hiyo swali lenyewe halimlindi na lolote.

Pimeni jedwali hilo kwenye simu ya bei nafuu, msipime kwenye kompyuta zenu. Mwongozo wa Android unataka kitu cha kuguswa kisipungue vipimo 48 vya skrini (dp), na simu nyingi za kawaida zina upana wa vipimo 360 hivi. Saizi sita zinachukua 288, zinabaki 72 za kuandikia rangi. Inatosha kwa "Nyeusi", haitoshi kwa "Kahawia iliyokolea". Saizi zikizidi sita, geuzeni: saizi zishuke chini, rangi zikae juu. Msipunguze visanduku. Huyu mtu ana mfuko mkono mmoja, na kioo cha simu kina ufa.

Twende kwa wale wateja wawili na pea moja, maana hapo kuna matatizo mawili yaliyovaa nguo moja.

La kwanza ni dogo, ni la sekunde. Wawili wanabonyeza "Nunua" kwa wakati mmoja. Dawa yake iko kwenye hifadhidata: amri moja isiyogawanyika inayosema "shika moja, iwapo za kuuza hazipungui moja". Msisome idadi kwanza, mkafikiri, kisha mkaandika; katikati ya kusoma na kuandika ndipo mwenzake anapopita. Na mpangilio uwe kushika kwanza, kuomba malipo baadaye. Aliyechelewa aambiwe pea imeshachukuliwa kabla hajaingiza namba ya siri. Kumwambia baada ya pesa kutoka ni kumtengenezea ugomvi muuzaji wako.

Kushika huko kuwe na kikomo, tuseme dakika 15. Mteja anaweza kukuta salio halitoshi akakimbilia kwa wakala. Muda ukiisha, msiachie kwa pupa. Iulizeni kwanza kampuni ya malipo hali ya muamala ule, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha wakati mwingine hufika umechelewa. Na hata hivyo kuna siku pesa itaingia baada ya pea kuachiwa na kununuliwa na mwingine. Andaeni njia ya siku hiyo sasa hivi: muuzaji aone oda hiyo juu kabisa, ikiwa na chaguo la kurudisha pesa au kumpigia mteja kumpa rangi nyingine.

La pili ndilo kubwa, na mifumo mingi niliyoiona hailijui kabisa. Linaitwa "niwekee".

Unalijua vizuri. "Dada, niwekee hiyo nyeusi 38, nakuja jioni." Dada anaitoa rafuni, anaitia kwenye mfuko, anaandika jina kwa kalamu, anaiweka chini ya kaunta. Pea hiyo haijauzwa. Wala haipo ya kuuza. Wengine wameiachia advansi ya elfu kumi, wengine wameiachia maneno matupu. Mfumo wako una hali mbili, ipo na imeisha. Biashara yenyewe ina tatu. Kwa hiyo ile pea iliyokuwa imebaki mtandaoni huenda ilikuwa chini ya kaunta tangu mchana ikiwa na jina la mtu.

Basi kila kisanduku kiwe na namba tatu kwa ndani: zilizopo, zilizowekwa, na za kuuza, ambazo ni zilizopo ukitoa zilizowekwa. Mtandaoni iende ya tatu peke yake. Na pawe na kitufe kilichoandikwa hivyo hivyo, "Niwekee". Msikiite "Hifadhi ya oda" wala "Zuio la bidhaa". Akikibonyeza aulizwe mambo matatu tu: ya nani, kaacha advansi kiasi gani, hadi lini. Jina litoke kwenye orodha ya watu waliowahi kununua, asiliandike upya. "Hadi lini" iwe na majibu tayari: leo jioni, kesho, Jumamosi. Mkionyesha saa, andikeni "saa 10 jioni". Mkiandika "4:00", kijana wa dukani atasoma saa nne na atakuwa sahihi.

Hapa naomba mtofautishe kushika kwa mtandaoni na "niwekee" ya dukani. Kule mtandaoni muda ukiisha mashine iachie yenyewe. Huku dukani isiachie. Imuulize mwenye duka: "Muda wa kumwekea Mama Asha umepita. Aendelee kuwekewa, au irudi kwenye za kuuza?" Mama Asha anaweza kuwa mteja wa miaka kumi anayeleta shangazi na mawifi. Uamuzi wa kumwachia au kutomwachia ni wa mwenye duka, na mfumo ukiufanya kwa niaba yake mara moja tu, atarudi kwenye daftari.

Vipimo. Muuza vipodozi ananunua kwa katoni, anauza kwa dazani kwa wenye maduka ya mitaani, na kwa kopo mojamoja kwa wapita njia. Hifadhini kila kitu kwa kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, lakini onyesheni kwa lugha yake: makopo 40 yasomeke "dazani 3 na 4". Idadi iliyomo kwenye katoni iwe mali ya bidhaa, isiwe ya mfumo mzima, kwani katoni ya mafuta haya ni 24 na ya yale ni 48. Kwa muuza kanga msijifanye mnajua. Doti ni vipande viwili, hilo halina ubishi. Korija ni 20. Lakini 20 za nini, vipande au doti? Muulizeni yeye anavyonunua, mmwekee hivyo. Vitambaa vya jora vina mtego wake: vipande viwili vya mita 2.5 vilivyobaki si mita 5 za gauni la mtu, hivyo msimjumlishie masalio akaahidi asichonacho.

Wakati wenye thamani kuliko wote ni mzigo unapoingia. Ndio wakati pekee ambao mwenye duka anahesabu kwa hiari yake, tena kwa makini, kwa sababu analinganisha na ankara na anaogopa kupunjwa. Kaeni naye hapo. Mpeni lile lile jedwali la rangi na saizi likiwa tupu, kibodi ya namba ikiwa imeshafunguka, na jumla chini inayopanda kadiri anavyojaza. Ankara ikisema 60 na jumla ikasoma 58, mfumo umemfaa kabla hajamaliza kuujaza. Viatu vya jumla mara nyingi huja kwenye katoni zenye mchanganyiko uleule wa saizi, kwa mfano 36 moja, 37 mbili, 38 tatu, 39 tatu, 40 mbili, 41 moja. Mwacheni auandike mchanganyiko huo mara moja, kisha aseme "katoni 5", visanduku vijijaze vyenyewe pea 60.

Hapo hapo aweke bei ya kununulia. Mzigo wa kwanza pea 20 kwa 18,000, wa pili pea 30 kwa 20,000: wastani ni 19,200, na huo unatosha kumwonyesha faida. Mhasibu wake akitaka hesabu ya kilichoingia kwanza kutoka kwanza, matukio yenu yanayo taarifa zote, ataipata. Bei ya kununulia isionekane kwenye simu ya kijana wa duka. Sisemi kijana si mwaminifu. Nasema mteja husimama bega kwa bega naye akichungulia skrini, na akiona 18,000 hakuna mazungumzo ya 35,000 tena.

Sababu za kutoka ndizo zilizonipa somo nisilolitarajia. Niliweka orodha: imeuzwa, imerudishwa, imeharibika, imepotea. Baada ya miezi miwili "imepotea" ilikuwa sifuri na "imeharibika" imefura. Nilipouliza, binti mmoja wa kaunta akacheka: "Kaka, nikiandika imepotea, inakatwa kwenye mshahara wangu." Neno langu lilikuwa linamshtaki aliyelibonyeza. Nikalitoa, nikaweka "Hesabu haijakutana", ambayo inaeleza hali bila kumtaja mtu, na ukweli ukaanza kuonekana. Ongezeni pia "imehamia duka jingine" na "nimeichukua mwenyewe". Hii ya mwisho msiidharau. Mwenye duka huchukua viatu vya harusi ya mdogo wake, huchukua mafuta ya nyumbani, halafu mwisho wa mwezi anashangaa stoo imepungua.

Na pawe na ruhusa ya kushuka chini ya sifuri. Najua kila mtengeneza programu anachukizwa na namba hasi kwenye stoo. Lakini mteja amesimama dukani na kiatu mkononi na pesa mkononi, na mfumo unasema kiatu hicho hakipo. Nani anasema kweli? Uza, rekodi, namba isome -1, na kisanduku kigeuke rangi kikisema "Hiki kihesabiwe". Mkikataa mauzo hayo, atauza hivyo hivyo nje ya mfumo na hamtajua kamwe. Mtandaoni ndiko mnakokataza, kwa sababu kule hakuna anayekishika kiatu.

Kuhusu kuhesabu: msitegemee ile siku ya kufunga duka wakahesabu kila kitu. Inafanyika mara moja kwa mwaka, wengine hawaifanyi kabisa. Kila asubuhi mfumo uchague visanduku vitano tu: vilivyo hasi, vilivyosoma 0 au 1, na vinavyotembea kwa kasi. Kinachosoma 1 ndicho rahisi kuliko vyote kukihesabu na ndicho chenye hatari kubwa mtandaoni, kwa hiyo kitangulie. Na akihesabu msimwonyeshe namba ya mfumo kabla hajaandika yake. Mtu aliyechoka akiona 6, atahesabu hadi apate 6.

Tahadhari ya "inakaribia kuisha" huenda mmeiweka 5 kwa kila bidhaa. Ifuteni. Kiwango cha kuagiza kinatokana na mambo mawili: zinatoka ngapi kwa siku, na mzigo unachukua siku ngapi kufika, ukiongeza akiba kidogo. Kiatu kinachotoka pea 3 kwa siku na kuagizwa China kwa meli, tuseme siku 50 mpaka kitoke bandarini, kinahitaji agizo zikiwa zimebaki 150 pamoja na akiba. Kiatu kile kile kikinunuliwa kwa mfanyabiashara wa jumla wa mtaa wa pili, ambaye ana mzigo leo na kesho, zikibaki 5 hakuna haraka. Mwulizeni mwenye duka swali moja kwa kila bidhaa, "Ukiagiza leo inafika lini?", mengine mkokotoe. Tahadhari zenyewe zije kwa mkupuo mmoja asubuhi, zisilie siku nzima. Upande wa pili wa ukurasa huo huo muonyesheni mzigo uliolala: vilivyokaa siku 60 bila kutoka hata kimoja. Pesa yake imelala pale, na hicho ndicho kipande pekee cha ripoti ambacho nimewahi kuona mwenye duka akimwonyesha mumewe. Grafu mnaweza kuziondoa leo, hakuna atakayezikosa.

Jambo moja hawatawauliza lakini wote wanaliwaza: nani mwingine anaona namba zangu? Jirani? Mamlaka ya mapato? Mwenye duka la pili mnayemhudumia nyinyi nyinyi? Andikeni jibu kwa Kiswahili cha kueleweka kwenye skrini ile ile ya stoo, mistari mitatu, jibu la kweli. Kwa wanunuzi onyesheni "ipo", "zimebaki chache" au "imeisha". Idadi kamili ya stoo ya mtu si ya kutangaza.

Skana sasa. Msinunue, si kwa wauza viatu na kanga. Msimbopau wa kwanza wa aina hii ya leo kusomwa dukani ulikuwa wa pakiti ya chingamu, Ohio, Marekani, mwaka 1974, na mpaka leo teknolojia hiyo inafaa zaidi kwa vitu vya namna ile: pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye namba moja kwa kila aina. Viatu vingi vinavyoshushwa Kariakoo havina msimbopau, au boksi zima la saizi zote lina mmoja, au una namba ambayo mtengenezaji aliibuni. Mtalazimika kuchapa lebo zenu na kuzibandika moja moja, na siku anayebandika akiumwa mfumo umesimama. Kugusa picha na kisanduku ni haraka zaidi.

Muuza vipodozi ni habari nyingine. Makopo yake yana misimbopau ya kweli, na kamera ya simu inatosha kuisoma wakati wa kupokea mzigo, pasipo skana yoyote. Msiutegemee tu msimbo uwaambie bidhaa imetoka wapi. Namba inayoanza na 620 imetolewa kupitia GS1 (shirika linalogawa namba za misimbopau) ya Tanzania na 616 kupitia ya Kenya, lakini hiyo inaonyesha kampuni ilikojisajili, haionyeshi kiwanda kilipo. Niliwahi kuona mfumo unaojaza "Nchi ilikotengenezwa" kwa kusoma tarakimu tatu za mwanzo. Mwenye duka alikuwa amewaambia wateja wake mambo ya ajabu kwa mwaka mzima.

Anzeni na muuza viatu mmoja, yule mwenye kaunta buku iliyochoka kuliko zote. Mwombeni ruhusa ya kupiga picha kurasa mbili, mchore skrini yenu juu ya picha hiyo, rangi na saizi zikae zinapokaa kwake. Kisha mkashinde naye Jumamosi mbili bila kumwelekeza chochote. Mkimwona anachora kijiti kwanza halafu anagusa simu baadaye akiwa amekaa, bado skrini ni nzito, rudini mpunguze.